Mbona Hukubisha Hodi?

Mashewa, Korogwe
Jumanne, 2 Mei 2023

Bibi yangu Mwatumu,

Shikamoo. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu, na mara zote ulisema, "Nani? Sema, usininong'oneze kama mwizi!" kisha ukakata. Baba amenieleza kwamba masikio yako siku hizi yanamsikia mtu aliye mbele yako tu, na sauti ya simu kwako ni kama nzi ndani ya chupa. Basi nimerudi kwenye kalamu. Bahasha hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, na nimemwonya kwamba ikipotea utamfuata stendi.

Mimi ni mzima. Kazi hii ya afisa kilimo, ukulima wa watu wengine, naiweza. Mahindi ya hapa Mashewa yamefika magotini na nashinda mashambani nikiwaonyesha wakulima viwavijeshi vinapojificha. Wazee wa hapa walianza kwa kunicheka, wakisema binti wa Handeni atajua nini kuhusu mahindi, Handeni wanajua jua tu. Sasa wananiita wenyewe.

Nina jambo, Bibi. Unajua kwamba watu wa Abdulaziz wameleta posa kwa baba. Baba anasema hatajibu mpaka wewe useme, kwa kuwa ndiwe mkubwa uliyebaki upande wa babu. Nami nataka nikuulize kabla hujasema: mtu anamjuaje mtu?

Abdulaziz ni fundi wa pampu za maji, anaishi Mombo na mama yake. Nilimfahamu alipokuja kutengeneza pampu ya kisima cha hapa. Alikaa ndani ya kile kisima saa nne, akatoka na matope hadi kwenye nyusi, na jambo la kwanza alilosema ni, "Samahani, nimewachelewesha." Ni mpole. Hapigi kelele. Mama yake, Hamisa, ambaye sote tunamwita Mama Hamisa, huwauzia abiria wa mabasi matunda na mboga pale Mombo, na ananipenda.

Ila kuna Alhamisi. Kila Alhamisi mchana simu yake haipatikani. Mwanzo nilidhani ni mtandao. Kisha dereva mmoja wa hapa akaniambia, bila kujua anachosema, kwamba kila Alhamisi humwona Abdulaziz akishuka Hale. Hajawahi kuniambia kwamba ana kazi Hale. Niliwahi kumwuliza habari za baba yake, akajibu, "Baba hayupo," nami nikasema Mungu amrehemu, naye akanyamaza.

Nimwulize moja kwa moja? Au nikimwuliza nitaonekana simwamini? Wewe umewaona watu wengi. Niambie.

Mjukuu wako,
Ikram


Chanika, Handeni
Jumapili, 7 Mei 2023

Wifi yangu Ikram,

Marahaba. Marehemu kaka yangu, babu yako, alikuita mke wake tangu ulipozaliwa, basi kwangu wewe ni wifi, na wifi nina haki ya kumsema vibaya. Mwandiko wako ni mbaya kuliko wa daktari. Nimeusoma kwa miwani miwili.

Unaniuliza mtu anamjuaje mtu. Nimeshona nguo za watu hapa Chanika miaka arobaini na mitatu, na nakwambia hakuna mahali mtu anapojitoa kama mbele ya futi ya fundi. Nikimpima mwanamume naye akavuta tumbo ndani, najua huyo anataka suruali ya mtu mwingine. Akishindwa kutulia dakika mbili, mkewe ana kazi. Alikuja mmoja, mkubwa wa ofisi, akawa mtamu kwangu kama asali, kisha akamkemea mwanafunzi wangu kwa kumwangushia pini. Nikamwambia binti aliyekuwa anataka kuolewa naye: tazama alivyosema na yule wa pini, usitazame anavyosema nawe. Hakunisikia. Alirudi kwao mwaka wa pili, na mimi ndiye niliyemshonea gauni la kurudia.

Basi mtazame huyo Abdulaziz akiwa na njaa. Mtazame siku aliyoshindwa kazi mbele ya watu. Sikiliza anavyomtaja mtu ambaye hana la kumpa.

Lakini hiyo Alhamisi ni jambo lingine. Mwanamume mwenye siku yake na mji wake ana jambo lake, na mara nyingi jambo hilo limevaa kanga. Usimwulize. Ukimwuliza umempa nafasi ya kutunga, na maneno hushonwa kama nguo, mtu anakata anapotaka. Mfuate. Kaa mbali, jifunike, tazama, rudi. Jicho halina mshono.

Mimi najua ninachosema. Hilo nalo usiniulize.

Baba yako nimemwambia asubiri. Kula vizuri, nasikia umekonda. Bada ya huku, ule ugali wetu wa muhogo, huipati tena huko?

Bibi yako,
Mwatumu


Mashewa
Ijumaa, 19 Mei 2023

Bibi,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema, na natamani ningekuwa karibu nawe leo nikalaze kichwa mahali.

Jana niliomba ruhusa kazini. Nikavaa baibui la Rosina, mwenzangu ninayeishi naye, na miwani yake ya jua, nikaenda Korogwe mjini nikasubiri stendi. Abdulaziz alishuka kutoka basi la Mombo saa tano, akanunua mkate na dawa ya kuchua, kisha akaingia duka la dawa akatoka na mfuko mkubwa. Alipanda gari la kwenda Hale akakaa mbele. Mimi nikapanda la nyuma yake.

Unajua nilichojiuliza njiani? Nilijiuliza kama anaimba akiwa peke yake. Miezi minane nimemjua, na hilo silijui.

Hale akashuka, akapita nyumba za wafanyakazi, akaelekea upande wa mtoni, kwenye nyumba ndogo ya bati lenye kutu. Nilisimama nyuma ya ua wa michongoma. Mwanamke akamfungulia mlango, wa miaka kama thelathini na mitano, kichwa wazi, kanga kifuani. Hakusema karibu. Alisema, "Leo amelala vizuri." Kisha akaupokea ule mfuko, ukachanika, pakiti ikaanguka kizingitini. Bibi, zilikuwa pampasi.

Niliwasikia wanacheka ndani, yeye na huyo mwanamke. Kisha nikasikia sauti yake akibembeleza: "Kunywa kidogo tu. Kidogo tu, halafu basi." Sijawahi kumsikia akisema hivyo na mtu yeyote.

Sikungoja. Nilipanda basi moja kwa moja hadi Mombo. Kwa nini nilikwenda kwa mama yake badala ya kurudi nyumbani, sijui. Labda nilitaka mtu mwingine naye aumie. Mama Hamisa alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Lushoto na mboga zake, ameketi ukumbini anamenya njegere. Nikamwambia nikiwa nimesimama, "Mama, mwanao ana mtoto Hale. Nimeona kwa macho yangu."

Aliendelea kumenya. Zikadondoka njegere kama kumi hivi bakulini. Kisha akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema sijala wala sitaki. Akasema, "Haya." Basi. Hakuuliza mtoto wa nani, wala mwanamke gani. Nikaondoka.

Abdulaziz amepiga simu mara sita tangu asubuhi. Sijapokea. Niambie nifanye nini.

Ikram


Chanika, Handeni
Jumanne, 23 Mei 2023

Wifi yangu,

Pole. Pole sana. Lakini afadhali ua wa michongoma leo kuliko miaka kumi ya ndoa.

Usipokee simu. Usimpe nafasi ya kutunga. Nimemwita baba yako hapa jana, nimemwambia posa irudi, na irudi kwa heshima, bila maneno. Amekubali.

Umefanya kama mwanamke mwenye akili. Njoo Handeni Idi ikifika, nitakushonea gauni la kijani.

Mwatumu


Mashewa
Jumatano, 7 Juni 2023

Bibi Mwatumu,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira yako au yangu. Bado sijui vizuri.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa shambani na wakulima kama ishirini, nimeinama kwenye mahindi. Nilipoinuka nikamwona Abdulaziz amesimama mwisho wa shamba, kofia mkononi. Hakuja mbele ya watu. Alisubiri hadi mkulima wa mwisho alipoondoka, karibu saa mbili juani. Kisha tukazungumza. Nakuandikia maneno yake yalivyo kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka yamekaa.

Akaniuliza, "Ulikuja Hale?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Ukafika mpaka nyumbani?"

"Mpaka uani."

"Mbona hukubisha hodi?"

Nikainama nikatoa kiwavi kwenye jani. Akasema, "Ungebisha hodi, Ikram, ningekufungulia."

Zile pampasi ni za baba yake. Mzee Shemdoe ana miaka sabini na moja, amepigwa kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Hayupo, aliniambia, nami nikamzika mwenyewe kwa haraka yangu. Yule mwanamke ni jirani, anaitwa Yasinta, ndiye anayemwogesha mzee siku nyingine. Aliyekuwa anabembelezwa anywe ni mzee, na alichokuwa ananyweshwa ni uji.

Nikamwuliza kwa nini alificha. Bibi, alikaa chini kwenye tuta. Akasema alipokuwa na miaka minane baba yake alizitoa nguo za Mama Hamisa nje, barabarani, mvua inanyesha, jirani wote wanatazama. Hakusema kosa ni nini. Mama akamshika mtoto mkono wakaenda Mombo hawana hata mwavuli, na tangu siku hiyo akasema, "Jina la yule mtu lisitajwe ndani ya nyumba yangu." Amemlea kwa kukimbilia madirisha ya mabasi na sinia kichwani. Basi miaka miwili iliyopita Yasinta alipompigia simu kwamba mzee ameanguka na hana mtu, Abdulaziz alikwenda. Akachagua Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mama yake huenda Lushoto kununua mboga. Akaniambia, "Sikuweza kumwacha yule afe kwenye uchafu. Na sikuweza kumwambia mama kwamba namwosha mtu aliyemtupa. Nikaona nikae katikati kimya."

Baada ya mimi kwenda Mombo, mama yake alimwuliza, naye ikabidi aseme kweli. Mama Hamisa akanyanyuka, akaingia chumbani. Hadi siku ile Abdulaziz alipokuja kwangu, zilikuwa siku kumi na moja hajasema na mwanawe zaidi ya "chakula tayari." Hata stendi hajaenda kuuza.

Akasema, "Nilimlinda miaka miwili. Wewe umemaliza kwa neno moja, na hilo neno lenyewe si kweli." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akavaa kofia akaondoka.

Posa imerudishwa kama ulivyotaka. Wazee wake wameipokea kwa heshima, bila maneno.

Sikulaumu peke yako, miguu iliyokwenda Hale ni yangu. Lakini nina swali, na safari hii utanisamehe, nitaliuliza. Uliandika, "Mimi najua ninachosema, hilo nalo usiniulize." Nakuuliza. Ulimfuata nani?

Ikram


Chanika, Handeni
Alhamisi, 15 Juni 2023

Ikram,

Leo sikuiti wifi. Jambo hili halina utani.

Barua yako imekaa chini ya cherehani siku tano. Nilishona juu yake sare za shule, kila nikikanyaga pedali naiona. Leo asubuhi nimeamua nijibu kabla sijabadili nia.

Ninyi nyote mnajua kwamba babu yako Mhina, mume wangu, aliniacha. Baba yako anajua hivyo, kaka yangu alikufa anajua hivyo. Nimelisema mara nyingi mpaka likawa kama kweli. Mhina hakuniacha hivi hivi.

Ilikuwa mwaka 1974. Tulikuwa na miaka mitano ya ndoa, hatukujaliwa mtoto. Mhina alikuwa mkata mkonge, mikono yake ilikuwa na makovu kama ramani. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba kwa masista, na nilijivuna, mwanangu, usione nimezeeka. Barua zikija nilimsomea mimi. Gazeti nilisoma mimi. Aliniambia macho yake yanauma ndiyo maana hasomi, nami sikufikiri zaidi.

Kisha akaanza kutoka jioni mbili kwa wiki. Anaoga, anavaa shati safi, anasema anakwenda kwa rafiki. Nikamwuliza mara moja, akasema, "Si kitu." Sikuuliza tena. Nikamfuata.

Alikwenda nyumbani kwa mwalimu mmoja wa kike, kijana, mzuri wa sura. Mlango ulifungwa. Nilisimama nje nikasikia yule mwalimu anasema, "Vizuri sana, Mhina, rudia tena." Unaweza kufikiri nilivyoelewa mimi.

Nikaupiga mlango teke, wala sikubisha hodi mimi pia. Na nilikuwa nimewaita wanawake wanne wa kambi yetu ya mkonge waje washuhudie. Ndani walikuwa wanaume sita wamekaa mkekani na vitabu vya kisomo cha watu wazima vimefunguliwa. Mhina alikuwa amesimama ubaoni, chaki mkononi. Alikuwa ameandika M, W, A, T. Jina langu hakuwa amelimaliza.

Wale wanawake walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa kuwa walitegemea kitu kingine. Lakini mtu mzima akichekwa ubaoni hajali kicheko ni cha aina gani. Kambi nzima ikajua kwamba mume wa Mwatumu msomi hajui kusoma. Mhina aliiweka chaki chini polepole, akapita katikati yetu. Wiki hiyo hiyo akaondoka kwenda kukata mkonge Kilosa. Nami sikumfuata kumwomba msamaha, kwa sababu njia ya kumfuata kwa siri niliijua, ya kumfuata kwa uso mkavu sikuijua.

Alifia huko mwaka 1991. Niliambiwa arobaini imekwisha pita. Yule aliyeniletea habari hakujua mimi ni nani kwake, akasema ni msiba mkubwa kwa kambi, maana marehemu ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake barua zao.

Sasa unajua nilimfuata nani. Na unaona kwamba miaka arobaini na tisa sikujifunza kitu, maana ulipokuja kuniuliza nilikupa dawa ile ile iliyoniua mimi. Ningekuambia nilikosea, ingebidi niseme nilivyokosea. Ilikuwa rahisi kusema jicho halina mshono. Lina mshono, Ikram. Linashona linachokiogopa.

Nenda kwa yule mama. Usijifunike baibui la mtu.

Nisamehe.

Mwatumu


Mashewa
Jumatatu, 10 Julai 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Kuhusu Mhina sitasema mengi kwenye karatasi. Nikija nitakaa mbele yako uone midomo yangu. Nataka kujua alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna mtu aliyewahi kutusimulia.

Nilikwenda Mombo siku moja baada ya barua yako. Nilibisha hodi, nikapiga magoti ukumbini, nikamwomba Mama Hamisa msamaha kwa kumletea habari ya uongo nyumbani kwake. Nikamwambia pia kwamba nimevunja kitu ambacho mwanawe alikijenga kwa ajili yake.

Kisha akasema, "Inuka, utaumia magoti. Hujavunja kitu. Mimi nilijua."

Nikadhani sikusikia. Akasema, "Nilijua tangu Alhamisi ya tatu. Mtoto nimemzaa, nimemfulia miaka thelathini, leo anarudi nyumbani ananuka dawa ya kuchua na anakimbilia kufua shati mwenyewe? Halafu kuna mtu wa Hale aliyenunua ndizi kwangu akaniambia mzee kaanguka. Nikajumlisha."

"Mama, mbona hukumwambia kwamba unajua?"

"Angeacha kwenda. Au angeendelea kwenda huku ananiangalia usoni kila akirudi. Alhamisi nyingine sikuwa na haja ya mboga yoyote, Ikram. Nilipanda Lushoto nikakaa tu kwenye benchi hadi saa ya kurudi, ili apate kuondoka bila kunidanganya."

Nikamwuliza, basi kwa nini siku hizo zote hakusema na mwanawe? Akasema jambo lisiposemwa mtu anaweza kukaa nalo hata miaka, ila likishasemwa linataka jibu. Alikuwa chumbani anatafuta jibu. Alikuwa anajiuliza kama anataka kumwona yule mzee kabla hajafa. Akasema kuna swali moja alilolibeba tangu siku ile ya mvua, na alikuwa anaogopa kufa nalo.

Alhamisi ya tarehe 29 Juni tulikwenda Hale watatu. Abdulaziz hakusema nami njiani ila kunipa nafasi ya dirishani.

Mama Hamisa alisimama mlangoni akasema, "Hodi," kwa sauti kubwa, kama anayefika kwa wageni. Mzee Shemdoe alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. Ni mdogo, Bibi. Nilitegemea mtu mkubwa. Alimtambua papo hapo. Mdomo wake umepinda lakini anasema, ukimsubiri.

Mama Hamisa akavuta kigoda akakaa mbele yake. Hakumsalimia. Akasema, "Nimekuja kukuuliza jambo moja. Siku ile ulinitoa kwa kosa gani?"

Yasinta akatoka nje kwa kuona haya. Kisha mzee akasema, "Sikumbuki, Hamisa."

"Hukumbuki nini? Siku yenyewe?"

"Nakumbuka mvua. Nakumbuka huyu analia." Akamwonyesha Abdulaziz kwa mkono ule mzima. "Kosa lako ndilo silikumbuki."

Nilidhani atapiga kelele. Mtu amebebeshwa swali miaka ishirini na mitano, anaambiwa mwenye jibu amelisahau. Mama Hamisa akamtazama, akatikisa kichwa mara moja, akasema, "Basi halikuwepo."

Akasimama. Akamrekebishia blanketi lililokuwa limeteleza, kama mtu anavyonyoosha kitambaa cha meza akipita, akatoka. Barabarani alinunua machungwa manne, akayamenya na kuyala yote akiwa amesimama, maji yanamtiririka hadi kwenye viwiko. Nikamwuliza kama amemsamehe. Akasema, "Sijui kusamehe kunakaaje. Ila miaka yote hii nilikuwa najitafuta kosa. Nikipika, najitafuta. Nikilala, najitafuta. Leo nimepumzika kutafuta." Hajarudi Hale tena na sidhani atarudi. Lakini stendi amerudi, na analikimbilia kila basi kama zamani.

Abdulaziz naye? Ananisemesha kama afisa kilimo. "Habari za mahindi." "Nzuri." Nilimwomba radhi, akasema amesikia. Sijui kama amesikia maana yake amekubali. Nilimwuliza, akasema, "Si kitu." Nimemweleza habari zako, kwa ruhusa ambayo sikukuomba, naye akauliza tu unakaa mtaa gani.

Nataka kuolewa naye, Bibi. Sasa nataka zaidi kuliko kabla sijamfuata, na najua haki hiyo nimeipoteza mwenyewe.

Wako,
Ikram


Chanika, Handeni
Jumapili, 30 Julai 2023

Wifi yangu,

Juzi Ijumaa nimekaa barazani napindisha pindo, naona mwanamume mrefu anasimama nje ya ua, anabisha hodi. Nami sisikii, naona midomo tu. Akabisha tena. Mara ya tatu akaja akasimama mbele yangu mahali ninapoweza kumwona, akavua kofia, akasema polepole ili nione midomo, "Shikamoo Bibi. Mimi ni Abdulaziz wa Mombo."

Nikamwambia, "Marahaba. Kaa. Umekula?" Akasema hajala. Mtu mwenye njaa anayesema ana njaa nampenda. Nikampa bada na mlenda, akala vizuri bila kujifanya.

Hakuja na mshenga wala hakuja na jambo la posa. Alikuja na swali. Akaniuliza, "Bibi, kwa nini ulimwambia anifuate?" Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua pampu imekwama wapi. Hakuna mtu aliyeniuliza swali namna hiyo tangu nimekuwa mzee. Wazee huulizwa afya tu.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mtu anayeuliza anaweza kujibiwa, na mimi tangu ujana naogopa jibu. Anayechungulia hajibiwi, anajijibu mwenyewe. Akafikiri, akasema, "Hata mimi nilichungulia. Miaka miwili nilikuwa namchungulia mama yangu usoni kama amejua. Ningemwuliza siku ya kwanza tungekwenda wote."

Tukakaa. Nikamwonyesha picha ya Mhina. Ninayo, hujawahi kuiona, ilikuwa sandukuni chini ya vitambaa. Akaitazama muda mrefu, akasema ana mikono mikubwa. Nikalia kidogo, naye akawa anatazama cherehani mpaka nimalize.

Kisha nikaona zamu yangu. Nikamwambia, "Nitakuuliza nilichopaswa kumwambia mjukuu wangu akuulize. Wewe kasoro yako nini?"

Wengine hapo husema, ah, Bibi, nina hasira kidogo, huku wanacheka. Huyu hakucheka. Alikaa mpaka nikadhani hakunisikia, nikasema labda sasa sote wawili ni viziwi. Akasema, "Nanyamaza. Nikiumia nanyamaza, na nikinyamaza sana sijui tena njia ya kurudi."

"Sasa na Ikram umenyamaza?"

"Nimenyamaza."

"Unataka kurudi?"

Akasema, "Nataka."

Nikamwuliza basi tufanyeje, maana mimi nina miaka sabini na saba na siwezi kukaa Mashewa kumsemea. Akavaa kofia, akaivua tena. Hapo ndipo akaniambia maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya risiti ya uzi iliyokuwa karibu, nisije nikayatia chumvi. Nayanakili kama alivyosema:

"Bibi, Ikram akiniuliza mara ya kwanza, nitasema si kitu. Mwambie asiondoke. Mwambie aulize mara ya pili."

Bibi yako,
Mwatumu